Diski ya laptopu iliyokufa inasomeka, lakini folda za watumiaji zinakataa kufunguka

kikapu_cha_hesabu

Habari zenu wakuu. Laptopu ya ofisi ya SACCOS yetu imekufa madabodi baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu. Hata taa ya chaji haiwaki. Nimetoa diski (SATA ya inchi 2.5, GB 500) nikaichomeka kwenye kompyuta nyingine yenye Windows 10 kwa waya wa SATA kwenda USB. Imetokea kama E: na folda za juu naziona zote: Users, Windows, Program Files.

Tatizo liko ndani ya Users. Mle mna Katibu na Mhasibu. Nikibofya yoyote kati ya hizo napata "You don't currently have permission to access this folder". Nikibonyeza Continue, mstari wa kijani unatambaa kama dakika ishirini, halafu naambiwa nimekataliwa, niende kwenye Security. Nikitazama Properties, folda ya Mhasibu inaonyesha baiti 0.

Nimefungua akaunti mpya yenye jina Mhasibu na nywila ileile ya zamani. Haikusaidia. Tunachotafuta ni daftari za Excel za mikopo na faili la QuickBooks. Nakala ya mwisho tuliyo nayo ni ya miezi minne iliyopita. Nywila za akaunti zote mbili tunazo. Je, data bado ipo?

bisibisi_ndogo

Ipo, mkuu. Hiyo baiti 0 isikutie hofu: Windows haijaruhusiwa kuingia ndani ikahesabu, ndiyo maana inaandika sifuri. Usifomati, na ukiletewa ujumbe wa "Scan and fix" juu ya E:, ukatae kwanza.

Akaunti mpya haikusaidia kwa sababu NTFS (mfumo ambao Windows hupangia faili kwenye diski) haitambui majina. Kila akaunti inapofunguliwa hupewa namba ndefu iitwayo SID. Huanza na S-1-5-21, zikafuata namba za kompyuta husika, na mwishoni namba ya mtumiaji, aghalabu 1001, 1002 na kuendelea. Ruhusa za folda zimeandikwa kwa namba hiyo, kwa hiyo Mhasibu wa kompyuta mpya ni mtu mwingine kabisa mbele ya diski ya zamani. Fungua Security utaona "Account Unknown" na namba pembeni yake. Huyo ndiye Mhasibu wenu.

Lielewe hili kabla hujagusa kitu: ruhusa za NTFS ni agizo kwa Windows, hazibadilishi data yenyewe. Baiti za Excel zimelala wazi kwenye diski, na chombo chochote kisichofuata agizo hilo kitazisoma. Usimbaji, yaani kufunga data yenyewe kwa ufunguo wa siri, ni habari nyingine. BitLocker hufunga diski nzima. Ingekuwepo usingeona hata jina la Users, ungeona kufuli kwenye E: na kuombwa ufunguo wa tarakimu 48. EFS hufunga faili mojamoja: jina unaliona, ndani huingii bila ufunguo wa mwenyewe. BitLocker umeshaepukana nayo. EFS hatujui bado. Laptopu ilikuwa na Windows Home au Pro? Home haina uwezo wa kusimba kwa EFS.

Mzizima_IT

Chukua umiliki tu, kazi imeisha. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, bofya kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator", kisha:

takeown /f "E:\Users\Mhasibu" /a /r /d y

icacls "E:\Users\Mhasibu" /grant *S-1-5-32-544:(OI)(CI)F /t /c /l /q

Amri ya kwanza inalipatia kundi la wasimamizi umiliki, ya pili inalipatia ruhusa kamili. Hiyo S-1-5-32-544 ni namba ya kundi la Administrators kwenye Windows zote, wala hutegemei jina. Tumia cmd, maana PowerShell (dirisha jingine la amri la Windows) itayashika yale mabano na kuyaelewa vingine. Na usithubutu kuiendesha juu ya E:\ nzima. Folda ya Windows ina mmiliki wake, TrustedInstaller. Ukimpora, Windows ile inaweza isiwake vizuri tena ukija kuihitaji.

kazi_buja

Nyongeza kwa walio Bujumbura, Lubumbashi na kwingine kwenye Windows ya Kifaransa: herufi baada ya /d hufuata lugha ya Windows. Weka o, si y, la sivyo takeown inakataa. Na kundi linaitwa Administrateurs, ndiyo maana ile namba aliyoweka Mzizima ni salama kuliko jina.

bisibisi_ndogo

Amri za Mzizima ni sahihi kwa diski yenye afya. Hii imetoka kwenye mashine iliyopigwa na umeme, na hatujui hali yake. Takeown na icacls huandika upya taarifa za kila faili, na folda ya mtumiaji mmoja inaweza kuwa na makumi ya maelfu ya faili, nyingi zikiwa takataka za AppData, folda ambamo programu huweka vitu vyake. Hayo ni maandiko makumi ya maelfu juu ya diski ambayo huenda inakufa. Continue uliyoibonyeza ilikuwa inafanya kazi hiyohiyo, na kwa kuwa ilikatika katikati, sasa una folda zenye ruhusa nusunusu. Sheria yangu: diski ya chanzo isomwe, isiandikwe.

Pima afya kwanza. Weka CrystalDiskInfo, tazama mistari mitatu: 05 ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizokwisha kuhamishwa, C5 ni zinazosubiri uamuzi, C6 ni zilizoshindikana. Namba za mkono wa kulia zimeandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16, usizisome kama za kawaida. C5 na C6 zikiwa sifuri, endelea hivi kwa robocopy, amri ya Windows ya kunakili:

robocopy "E:\Users\Mhasibu" "D:\Okoa\Mhasibu" /E /B /XJ /R:1 /W:1 /COPY:DAT /LOG:D:\Okoa\mhasibu.txt /TEE

Siri iko kwenye /B. Inafungua faili kwa haki ya kuchukua nakala rudufu, ambayo kundi la Administrators wanayo na ambayo hupita juu ya orodha ya ruhusa bila kuibadilisha. Lazima dirisha la cmd liwe la msimamizi; lisipokuwa hivyo robocopy inakuambia huna haki ya "Backup and Restore Files" na kusimama.

/XJ usiiache. Ndani ya folda ya mtumiaji mna njia za mkato za mfumo kama "Application Data" zinazorudi zilikotoka. Bila /XJ nakala inaweza kuzunguka humo hadi njia ya faili ipitilize urefu. /R:1 /W:1 ni kwa sababu robocopy ikiachwa yenyewe hurudia faili lililogoma mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. /COPY:DAT huleta data, sifa na tarehe bila ruhusa za zamani. Ukiweka /COPYALL utahama na tatizo lenyewe. Usimalizie njia kwa mkwaju wa nyuma kabla ya alama ya kufunga, yaani "E:\", maana amri itasomwa vibaya.

D:, yaani diski inayopokea nakala, iwe NTFS. Flashi ya FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na faili za barua pepe za Outlook hupita hapo kirahisi.

Na faili la QuickBooks usilitafute kwa Mhasibu peke yake. Mara nyingi liko E:\Users\Public\Documents\Intuit\QuickBooks\Company Files. Nakili folda yote hiyo, si faili la .QBW pekee.

kikapu_cha_hesabu

Ilikuwa Windows 10 Pro. CrystalDiskInfo inasema Caution. 05 ina 10, C5 ina 58, C6 ina 58. Kwa bahati mbaya nilishaanza robocopy kabla ya kusoma vizuri. Mhasibu imeingia karibu yote, lakini FAILED ni 37: faili 33 zina kosa la 23 (cyclic redundancy check), na 4 za Katibu zina kosa la 5, Access is denied, ingawa niliweka /B na dirisha ni la msimamizi. Kati ya zile 33 mmo daftari la mikopo la mwaka huu. Diski inatoa kimlio kidogo ikifika hapo.

diski_taratibu

Simama hapo, chomoa. Usirudie robocopy na usiendeshe chkdsk (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski). Makosa yako ni ya aina mbili tofauti na kila moja lina dawa yake. Kosa la 5 ni la ruhusa au ufunguo. Kosa la 23, pamoja na 1117 kama lingetokea, ni diski kushindwa kusoma. 58 kwa msingi wa 16 ni sekta 88. Si nyingi, ila zinaweza kuongezeka kila unapolazimisha kusoma palepale, na Windows hulazimisha bila huruma.

Kabla ya kuilaumu diski kwa kile kimlio, angalia umeme wake. Diski ya inchi 2.5 ikianza kuzunguka inaweza kutaka karibu ampea 1 kwa volti 5. Tundu la USB 2.0 linatoa mA 500 na la USB 3.0 mA 900. Tundu dhaifu huifanya diski ijaribu kuwaka, ishindwe, ijaribu tena, na mlio wake ni kama wa kichwa kilichoharibika. Kilicho bora ni kuichomeka moja kwa moja kwenye SATA ya kompyuta ya mezani, yenye UPS kama ipo. Waya nyingi za USB hujikata sekta mbovu inapokawia. Ikiwa hata huko inagonga kwa mpigo unaorudiarudia, acha kabisa. Hapo ni kazi ya maabara ya kufungua diski, na kila dakika inayozunguka inapunguza kitakachopatikana.

Isipogonga, chukua picha ya diski nzima (faili moja lenye nakala ya kila sekta) kwa ddrescue, programu ya Linux ya kuokoa diski mbovu. Unahitaji flashi ya Ubuntu na diski tupu ya TB 1, yenye ext4 au NTFS. Washa kompyuta kwa flashi, chagua kujaribu bila kusakinisha, kisha:

sudo apt install gddrescue

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Kifurushi kinaitwa gddrescue, amri ni ddrescue. Kisipopatikana, washa hazina ya programu za Ubuntu iitwayo universe. Linganisha namba ya SERIAL na ile iliyochapwa kwenye lebo ya diski. Usikisie sdb au sdc, maana chanzo huandikwa kwanza na mahali pa kwenda baadaye, na ukizigeuza umefuta ulichokuja kuokoa. Diski ya TB 1 ikiwa imepachikwa /mnt/okoa:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/okoa/diski.img /mnt/okoa/diski.map

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/okoa/diski.img /mnt/okoa/diski.map

Mzunguko wa kwanza unavuna kilicho rahisi na kuruka penye shida. Wa pili unarudi penye shida, mara tatu. Faili la .map ndilo kumbukumbu ya kazi: umeme ukikatika, unarudia amri ileile na inaendelea ilipoishia. Ukilipoteza, unaanza upya kwenye diski iliyochoka zaidi. GB 500 kwa mwendo wa MB 90 kwa sekunde ni kama saa moja na nusu. Kwa USB 2.0 hesabu saa nne hadi tano. Ikishuka hadi kilobaiti chache, iache ifanye kazi. Ikianza kugonga, Ctrl+C.

Kuanzia hapo diski halisi unaiweka kando, unafanya kazi na picha:

sudo losetup -r -f -P --show /mnt/okoa/diski.img

Itakujibu jina, mfano /dev/loop14. Ubuntu hutumia loop nyingi kwa programu zake, kwa hiyo fuata jina ulilopewa wewe. Tazama kwa lsblk sehemu iliyo kubwa kuliko zote, tuseme p3:

sudo mkdir /mnt/picha

sudo mount -t ntfs-3g -o ro /dev/loop14p3 /mnt/picha

Hapo ruhusa za Windows hazikuhusu tena. ntfs-3g ikipachikwa hivi haizifuati, na wewe ni root, msimamizi mkuu wa Linux. Folda za Katibu na Mhasibu zinafunguka kama nyingine zote. Hiyo ro ni ya lazima: Fast Startup ya Windows 10 huiacha diski katika hali ya usingizi mzito, na kuandika juu yake kunavuruga mafaili.

Jambo la mwisho, diski hii ina taarifa za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika Tanzania tangu Mei 2023. Usiiache kwa fundi usiku kucha bila maandishi ya makabidhiano.

bisibisi_ndogo

Zile nne za kosa la 5 ni EFS, karibu nina hakika, kwa kuwa ni Pro na /B imeshindwa. Kwenye diski ya picha au nakala, ingia folda husika kwa cmd, andika cipher peke yake: zenye E mwanzoni mwa mstari zimesimbwa, zenye U hazijasimbwa. Windows 10 pia huchora kufuli dogo kwenye aikoni. Takeown haitasaidia hapa hata ukiirudia mara mia, na Linux kwa njia ile ya ntfs-3g nayo itakataa kuzisoma.

Ufunguo wa EFS umo ndani ya akaunti ya Katibu, kwenye AppData\Roaming\Microsoft: Crypto, Protect na SystemCertificates. Umefungwa kwa nywila yake. Ndiyo maana mnayo bahati kubwa kwamba nywila ipo, na ndiyo maana ninakataza kabisa zile flashi za kufuta nywila ya Windows. Nywila ikifutwa kutoka nje, ufunguo unabaki umefungwa kwa ile ya zamani. Kama kuna mtu ameshafanya hivyo, irudishwe nywila ileile ya zamani, herufi kwa herufi. PIN ya kuingilia haihesabiki, inatakiwa nywila yenyewe. Kama Katibu aliwahi kuhifadhi cheti cha .pfx (faili lenye nakala ya ufunguo wake) mahali, kazi ni fupi zaidi: kibofye, weka nywila yake, faili zinafunguka kwenye kompyuta yoyote ya Windows Pro.

Bila .pfx, njia inayofanya kazi ni kuwasha Windows ya zamani kutoka kwenye nakala. Mwaga picha kwenye SSD:

sudo ddrescue -f /mnt/okoa/diski.img /dev/sdc /mnt/okoa/ssd.map

Angalia ukubwa kabla ya kununua. Diski ya GB 500 ina baiti 500,107,862,016. SSD za GB 480 ambazo zimejaa madukani hazitoshi, picha itakatwa mkiani. Nunua ya GB 500 au 512.

Weka SSD kwenye laptopu nyingine. Kama SSD ina sehemu ndogo ya EFI, yenye FAT32, laptopu iwashwe kwa UEFI, mtindo mpya wa kuwasha. Kama ni MBR, mpangilio wa zamani wa diski, iwashwe kwa Legacy. Ukipata INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, ingia BIOS ubadilishe hali ya SATA kati ya AHCI na RAID, kwa kufuata laptopu ya zamani ilivyokuwa. Windows 10 itatafuta madereva yake (programu za kuendesha vifaa) kwa muda, iache. Ingia kama Katibu kwa nywila ya zamani, fungua certmgr.msc, Personal, Certificates, tafuta kile ambacho matumizi yake ni "Encrypting File System", kitoe pamoja na ufunguo wa siri kama .pfx. Halafu faili zenyewe zifungue usimbaji:

cipher /d "C:\Users\Katibu\Documents\jina la faili.xlsx"

kikapu_cha_hesabu

Nimefanya kwa SATA ya kompyuta ya mezani, haikugonga. ddrescue imeokoa 99.99%, zimebaki KB 36 zisizosomeka. Katibu ameingia kwenye SSD, zile nne zimefunguka. Zilikuwa mihutasari ya vikao. Daftari la mikopo sasa linanakilika bila kosa, lakini nitajuaje kwamba halijatobolewa ndani? ddrescue haitaji majina ya faili.

diski_taratibu

Swali zuri, na wengi hawaliulizi. Sekta ambazo hazikusomeka zimebaki sifuri ndani ya picha, na Linux itazinakili kimyakimya bila kulalamika. Zijaze alama kisha uitafute. Fanya juu ya nakala ya picha, si ile ya kwanza. Ondoa kwanza ulichopachika (umount, kisha losetup -d), halafu:

printf "SEKTAMBOVU " > alama.txt

sudo ddrescue --fill-mode=- alama.txt nakala.img diski.map

Alama ya minus inamaanisha sekta zilizoshindikana, nayo haigusi zilizosomeka. Pachika nakala.img kama mwanzo, kisha:

sudo grep -rl "SEKTAMBOVU" /mnt/picha/Users

Majina yatakayotokea ndiyo yaliyotobolewa. Mengine yote ya Users ni mazima. KB 36 zinaweza kuwa zimeangukia eneo tupu, usishangae orodha ikiwa fupi au isiwepo. Kama daftari la .xlsx limo, lifungue Excel kwa File, Open, ukichagua mshale wa "Open and Repair". Faili hilo ni kifurushi kilichobanwa, hivyo tundu moja likiangukia karatasi moja, nyingine mara nyingi hupona. Tazama pia AppData\Local\Microsoft\Office\UnsavedFiles na AppData\Roaming\Microsoft\Excel, kunaweza kuwa na toleo la siku chache nyuma. AppData imefichwa kwenye Windows, kwenye Linux unaiona.

bisibisi_ndogo

Na QuickBooks: ndani ya Company Files tafuta folda ya QuickBooksAutoDataRecovery. Kama .QBW imeguswa, mle huenda mna nakala yake yenye .adr mwishoni pamoja na .TLG. Zihamishie folda mpya, ondoa .adr kwenye majina, fungua. Iwe imeguswa au haikuguswa, endesha File, Utilities, Verify Data kabla mtu hajaingiza muamala hata mmoja, kisha linganisha jumla ya mikopo na ile nakala yenu ya miezi minne, mwanachama kwa mwanachama hadi tarehe ya nakala. Diski ya zamani ibaki kabatini hadi zoezi hilo liishe.